Kikao cha ndugu: mwongozo wa kugawana malezi ya kaka au dada mwenye ulemavu

Kwetu tumezaliwa watano. Mimi ni wa pili, na kitinda mimba wetu ana mtindio wa ubongo. Tumekulia Rungwe, kwenye mteremko ambako mvua ikianza Novemba haina haraka ya kuondoka, na njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani inageuka utelezi wa kuangusha hata mbuzi. Siku hizi mimi na kaka tuko Mbeya mjini, dada mkubwa kaolewa Makambako, mmoja yuko Dar es Salaam, na mdogo wetu yuko nyumbani na wazazi. Ana miaka 24. Mkono wake wa kushoto unamtii kuliko wa kulia, anaongea taratibu, na hapendi kabisa mtu amjibie maswali yake.

Kwa miaka mingi malezi yake yaligawanyika bila mtu kuyagawa: mama, halafu dada mkubwa, halafu mimi. Wavulana walikuwa "na shughuli". Hakuna aliyekaa akaamua hivyo, ilitokea tu, kama inavyotokea kwenye nyumba nyingi za huku. Haya ninayoandika ni njia tuliyopita kuibadili hali hiyo, pamoja na niliyojifunza kwa familia nyingine zenye ndugu kiziwi, mwenye ualbino, mwenye kifafa. Nawaandikia ndugu kwa sababu ya hesabu rahisi: mama alianza kuwa naye akiwa na miaka 38, mimi nilianza nikiwa na 7. Mungu akipenda, nitakuwa naye miaka mingi baada ya wazazi kuondoka.

Hatua ya 1: Jueni ni ulemavu gani

Nyumba nyingi hazina jina la tatizo. Mtoto "anaumwa", au "yuko hivyo tu", au ni mambo ya ukoo ambayo wakubwa wananong'ona yakifika magharibi. Pasipo jina, kila mtoto wa nyumba hiyo anajitungia maelezo yake. Mimi niliamini hadi darasa la sita kwamba ni kosa langu, kwa kuwa mama akiwa mjamzito nilikataa kwenda kisimani, akaenda mwenyewe akateleza. Sikumwambia mtu. Dada yangu naye, nilikuja kugundua tukiwa watu wazima, alikuwa na kosa lake alilolificha.

Kwa hiyo anzeni hapo. Mmoja wenu aende na mzazi kliniki aulize waziwazi: hali hii inaitwaje, ilisababishwa na nini, itaongezeka au itabaki ilivyo, inaambukiza, inarithiwa? Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia au kutokukua sawasawa kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Jeraha hilo halizidi kukua, ila misuli inaweza kukakamaa zaidi isipofanyiwa mazoezi. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa hewa. Ualbino unarithiwa, na ili mtoto azaliwe nao lazima baba na mama wote wawe wamebeba kinasaba chake, hata kama wao wenyewe ni weusi tii.

Kisha wapeni watoto maneno mafupi ya kutumia. Mtoto wa miaka mitano anatosheka na haya: "Ubongo wa kaka uliumia alipokuwa anazaliwa, ndiyo maana miguu haimsikilizi. Haumwi, na hakuna aliyefanya kosa." Akiulizwa shuleni atakuwa na la kujibu. Asipokuwa nalo, atapigana.

Hatua ya 2: Andikeni kazi zote kabla ya kumlaumu mtu

Nunueni daftari, lile kubwa la kaunta buku. Subirini siku ambayo wengi wako nyumbani. Kwetu ni Desemba, wa Dar wanaporudi na mabasi yamejaa. Kaeni baada ya kula, kabla watu hawajaanza kusinzia. Mwenye ulemavu awepo, akae kwenye duara kama wengine. Nasisitiza hili kwa sababu kikao chetu cha kwanza tulikifanya jikoni, yeye akiwa sebuleni anatusikia kila neno. Alikaa siku mbili hasemi na mtu.

Mwandishi aandike kila kazi inayomhusu, hata ndogo, mmoja baada ya mwingine akitaja. Kumwogesha. Kumnyoa. Kufua matandiko. Kumbeba hadi chooni. Kusaga karanga za uji wake. Kukumbuka dawa ikikaribia kuisha. Kulipa nauli ya kliniki, na kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya kliniki, maana hizo ni mbili tofauti. Kukaa naye jioni ili mama aende jumuiya. Kuamka usiku kumgeuza. Kubishana na majirani.

Mbele ya kila kazi andikeni anayeifanya sasa, si anayepaswa kuifanya. Sisi tulipata kazi 23. Mama na dada mkubwa walikuwa na 19. Kaka aliisoma ile karatasi, akaigeuza, akaisoma tena. Hakuna hotuba ingeweza kufanya kazi ile.

Yeye mwenyewe muulizeni mambo matatu: kipi anaweza kufanya akipewa muda, kipi hapendi kinavyofanywa, na nani hataki amfanyie. Wa kwetu alisema anaweza kujipiga mswaki, anaweza kuchambua maharage, na kwamba hataki tena kuogeshwa na dada zake. Alikuwa na miaka 17. Tulikuwa tumemwogesha muda wote huo na haikutujia akilini kumuuliza.

Hatua ya 3: Gawaneni, na mwenye pesa asijione amemaliza

Kanuni ya kwanza ni ya mwili: akishabalehe, kaka aogeshwe na wanaume, dada aogeshwe na wanawake. Nyumba isipokuwa na mwanaume kijana, baba au binamu ajifunze. Wanaume wa kwetu walisema hawajui. Nikawajibu kwamba na mimi nikiwa na miaka tisa sikujua.

Ya pili: kila mtu awe na kazi ya mikono, hata aliye mbali. Aliye Dar es Salaam anatuma fedha ya dawa kila mwezi, jambo jema, na ni rahisi kuliko kuamka usiku. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila mwaka anakuja siku saba, na siku hizo mama anasafiri kwenda kwa dada yake Kyela. Mwaka wa kwanza alipiga simu mara kumi na moja siku ya kwanza peke yake kuuliza vitu viko wapi. Mwaka wa pili akapiga mbili.

Ya tatu: mwenye ulemavu naye apangiwe zamu. Mdogo wetu ndiye anayechambua maharage na mchele, anachaji simu za nyumba, na anatukumbusha tarehe za kliniki, kwa sababu kumbukumbu yake inatushinda sote. Asipofanya anagombezwa kama mwingine yeyote. Najua kuna watakaoona ni ukatili. Lakini mtu asiyegombezwa na ndugu zake ni mgeni.

Na wake na waume zenu waambieni mapema. Shemeji anayegundua baada ya ndoa kwamba kila mwezi kuna fungu linakwenda Rungwe atahesabu kwamba alifichwa, na atakuwa na haki.

Hatua ya 4: Jifunzeni kazi za mikono vizuri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu moyo mwema usio na ufundi unaumiza.

Kulisha. Mtu mwenye mtindio wa ubongo anapolishwa amelala chali au kichwa kimelalia nyuma, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Mkalishe wima, kidevu kikielekea chini kidogo. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Ukisimama atainua kichwa kukutazama. Tumia kijiko kidogo kisicho na kina, kigandamize taratibu katikati ya ulimi, kisha ngoja ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Chakula kizito laini ni salama kuliko chepesi kama maji. Akimaliza abaki wima nusu saa. Akikohoa kila anapokula, au kifua kikimrudia mara kwa mara, mpelekeni hospitali mkaeleze hivyo hivyo: anakohoa anapokula.

Nyanda za juu tumejaliwa. Parachichi lililopondwa kwenye uji wa lishe linampa nguvu nyingi ndani ya vijiko vichache, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayechoka kutafuna. Msimu ukifika, yale yenye mabaka ambayo wanunuzi wa kupeleka nje wanayakataa yanafaa kabisa. Viazi mviringo pondeni na maziwa. Maharage chujeni maganda. Samaki wa Kyela mwondoeni miiba kwa vidole, si kwa macho.

Kunyanyua. Usimvute kwa mikono, bega linateguka. Piga magoti, mlete karibu na kifua chako, inuka kwa nguvu ya mapaja. Akishakuwa mzito, wawe watu wawili na mmoja ahesabu. Dada yangu ana mgongo mbovu leo kwa sababu alimbeba peke yake miaka minane, na mgongo huo hakuna anayeulipia.

Kiti mwendo kwenye milima yetu. Mteremko mkali ushukeni kinyumenyume, anayesukuma akitangulia chini na kiti kikimfuata, ili aliyekaa asimwagikie mbele. Breki zikaguliwe kila wiki na matairi yajazwe upepo, kwa kuwa tairi lililolegea linazuia hata breki kushika. Masika, kiti peke yake hakitoshi. Sisi tulimwaga moramu na mawe kutoka mlangoni hadi barabarani, mita kama arobaini, kazi ya Jumamosi mbili, na binamu walikuja wote. Tangu hapo anafika kwenye kijiwe cha bodaboda mwenyewe.

Vifaa vingine havihitaji duka. Fundi seremala akipewa vipimo na mtaalamu wa fiziotherapia anatengeneza kiti cha pembe chenye meza ya mbele. Mianzi miwili iliyofungwa sambamba kwenye nguzo, kimo cha kiuno chake, inakuwa sehemu ya kujifunza kusimama.

Ngozi. Anayelala au kukaa muda mrefu ageuzwe kila baada ya saa mbili. Wakati wa kumwogesha tazameni mkia wa mgongo, nyonga, visigino. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu: tafuteni sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, au ngumu ukigusa. Kidonda cha kukaa kikishafunguka kinachukua miezi kupona.

Baridi. Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Msifanye hivyo popote, na hasa kwenye chumba cha mtu asiyeweza kuinuka. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na yeye hata akihisi vibaya hawezi kufungua mlango. Ongezeni blanketi, soksi na kofia. Kwa mwenye mgongo wazi kuna hatari nyingine: miguu isiyo na hisia haijui moto. Chupa ya maji ya moto itamuunguza huku mnaongea naye anacheka.

Kifafa. Akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, tazameni saa. Msimshike kwa nguvu, msimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, msimpe maji. Ikipita dakika 5, au degedege likirudi kabla hajazinduka, tafuteni usafiri mara moja. Dawa zisikatwe ghafla kwa sababu "amekaa mwaka hajaanguka". Hajaanguka kwa sababu ya dawa. Na jikoni, mafiga ya chini ndiyo adui mkubwa. Jengeni jiko la udongo lililoinuka, na asipike akiwa peke yake.

Ualbino. Kuna dhana kwamba huku hakuna jua. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mnavyopanda ndivyo mionzi inavyokuwa mikali, hata siku ya ukungu na ubaridi. Kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua, mafuta ya kujikinga kila asubuhi. Kuna mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino; ulizeni kliniki ya ngozi au chama chao. Kazi za shambani ndugu wa nyumbani wapangeni kwa saa, yeye apate alfajiri na jioni. Kidonda kisichopona wiki kadhaa usoni au shingoni kikaonwe na daktari.

Uziwi. Jifunzeni Lugha ya Alama ya Tanzania, na ndugu ndio wanaoishika upesi kuliko wazazi. Alama mlizobuni nyumbani zinafaa kwa "chai" na "mama amekuja", hazifai kwa kueleza kwa nini babu amefariki. Nilijifunza kitu kwa familia moja ya Mafinga: umeme ukikatika, nyumba nzima inaendelea kupiga soga gizani na kiziwi peke yake anakuwa amefungiwa nje. Tochi iwe mfukoni mwake.

Hatua ya 5: Kliniki, kwa zamu na kwa daftari

Kila safari aende ndugu mmoja na daftari lile lile. Aandike tarehe, jina la dawa na kiasi, mazoezi yaliyoelekezwa, na siku ya kurudi. Kutoka Tukuyu hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kama kilomita 70, siku nzima imekwisha hapo, kwa hiyo maswali yaandikwe jana yake. Mazoezi ombeni muonyeshwe, kisha myafanye ninyi mbele ya mtaalamu akawasahihisha. Kuangalia tu hakutoshi.

Zahanati moja, sitaitaja, muuguzi alinitazama mimi akauliza, "Huyu anasikia maumivu wapi?" Nikajibu. Akauliza, "Huyu anakula?" Nikajibu. Mdogo wangu akagonga mkono wa kiti mara tatu, wote tukanyamaza, akasema taratibu, "Tumbo. Mimi. Linauma." Tangu siku ile jibu letu ni moja: "Muulize mwenyewe, anajibu polepole." Kisha unakaa kimya, hata foleni ikinung'unika.

Hatua ya 6: Shule ya wote wawili

Tangu 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita; na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wengine. Ofisi ya elimu ya halmashauri ndiyo inayojua kitengo maalumu kilicho karibu, na kwa viziwi Njombe ina shule yao. Msikubali jibu la mlangoni. Ombeni lililoandikwa.

Ila ndugu anayesoma shule hiyo hiyo alindwe. Nimeona msichana wa darasa la nne akitolewa kwenye hesabu kila siku aende kumsafisha mdogo wake aliyejichafua kitengo. Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Alimwita tu aliyekuwa karibu. Kaka mkubwa aende shuleni, akae na mwalimu mkuu, wakubaliane nani anafanya kazi hiyo saa za masomo. Kumsindikiza asubuhi sawa. Kumkosesha hesabu hapana.

Hatua ya 7: Karatasi na kipato

Kagueni kama ana cheti cha kuzaliwa na, akitimiza miaka 18, kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Bila hivyo hata laini ya simu itakuwa kwa jina la mtu mwingine, na pesa zake zitapita mikono ya mtu mwingine. Mtambulisheni kwa ofisa ustawi wa jamii na ofisa maendeleo ya jamii, mkaulize msamaha wa matibabu, vifaa, na kama kaya yenu inastahili ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sheria ile ya 2010 iliweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Mwulizeni mtendaji wenu kama yenu inakutana.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Ndugu msaidieni kuandika mpango wa biashara, mtafutieni wenzake wa kikundi, halafu mwacheni aongee. Maofisa wamezoea kuona vikundi ambavyo mwenye ulemavu ni picha ya mbele na pesa inaendeshwa na shemeji.

Mkitaka kuona kwa macho, nendeni Iringa mjini, Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliyoanza 2003 na vijana watatu viziwi. Wanafuma, wanatengeneza karatasi na shanga, na kwenye mgahawa wahudumu ni viziwi. Unaagiza kwa alama au kwa kuandika. Kaka yangu aliingia pale akidhani anakwenda kuonea watu huruma. Alitoka analalamika kwamba kikapu ni bei ghali.

Wa kwetu anachaji simu na kuuza mayai. Faida anaitunza kwenye simu yake, namba ya siri anaijua yeye. Mwaka juzi alinunua redio kubwa ambayo hakuna aliyeihitaji. Tukameza maneno.

Hatua ya 8: Waangalieni ndugu wenyewe

Mtoto mwenye kaka au dada mwenye ulemavu anajifunza mapema kutokuwa na shida. Anaficha homa, anaficha ripoti mbaya, kwa kuwa mama ameshachoka. Watu wanamsifu: mpole, mtiifu. Kwangu sifa hizo zinanitisha. Dalili nyingine ni hasira za ghafla, kukataa kuleta rafiki nyumbani, kulala darasani, au kutaka kufanya kila kitu bila kosa.

Dawa yake ni ya kawaida. Mzazi au ndugu mkubwa ampe muda wake peke yake, hata kama ni kwenda naye soko la Mwanjelwa kununua nyanya na kurudi mnakula mahindi ya kuchoma. Aruhusiwe kusema "leo sitaki kumbeba" bila kuitwa hana utu. Akisema anamwonea aibu mdogo wake, msimchape. Mwambieni na ninyi mliwahi. Marekani, tangu miaka ya 1980, kuna mikutano iitwayo Sibshops aliyoianzisha Don Meyer, ambapo watoto wenye ndugu walemavu wanacheza, wanapika, wanaongea na wenzao wa hali moja. Sisi hatuhitaji jina hilo. Watoto sita wa shule ya Jumapili, mpira mmoja na mtu mzima anayejua kunyamaza vinatosha kuanzia.

Kama mtoto yeyote nyumbani, mwenye ulemavu au asiye nao, anapigwa, anafungiwa au anaguswa vibaya, namba 116 ya huduma kwa watoto inapigwa bure. Wenye ulemavu wako hatarini zaidi, na mara nyingi anayegundua kwanza ni ndugu anayelala naye chumba kimoja.

Na ndoa. Nilipochumbiwa, shangazi wa mchumba aliuliza kama "hiyo hali" iko kwenye ukoo. Nilikuwa na jibu kwa sababu ya hatua ya kwanza: mtindio wa ubongo kwa kawaida haurithiwi. Kwa ualbino jibu ni refu kidogo. Wazazi wakiwa weusi wote wawili, ndugu asiye na ualbino ana uwezekano wa mbili kati ya tatu wa kubeba kinasaba, lakini watoto wake wanaweza kupata ualbino endapo tu na mwenzi wake anakibeba. Semeni hivyo, kwa utulivu, mbele ya washenga.

Hatua ya 9: Zungumzeni siku ambayo wazazi hawatakuwepo

Hili tuliliahirisha vikao vitatu. Kulizungumza mbele ya baba mzima mwenye afya ni kama kumchimbia. Mwishowe alilianzisha yeye.

Maswali ni haya: ataishi wapi na nani, nani atamiliki sehemu yake ya shamba, nani atasimamia dawa. La kwanza aulizwe yeye, na aulizwe zaidi ya mara moja, kwa miaka tofauti, maana majibu hubadilika. Sisi wote tulidhani atahamia kwangu mjini. Alisema hapana: anataka kubaki Rungwe, karibu na wateja wake wa mayai, na mmoja wetu arudi. Kaka ndiye aliyesema atarudi.

Ardhi iandikwe. Ahadi ya mdomo inakufa na mashahidi wake, na mtu asiyeweza kwenda mwenyewe baraza la ardhi ni rahisi kudhulumiwa, hata na watoto wa kaka zake. Baba aandike wosia mbele ya mashahidi, autaje mgao wa mwenye ulemavu kwa mipaka inayoonekana, mti hadi mto. RITA, wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanasaidia kuandika wosia na kuutunza. Nakala iwe kwenye daftari, na nyingine ashike yeye.

Kikao chetu kijacho ni Desemba. Ajenda ya kwanza kaiandikisha mwenyewe kwa simu: anataka mlango wa chumba chake ufungwe kwa ndani. Mama ana hofu, kwamba je akianguka usiku. Kaka ameshaanza kuzunguka kwa mafundi wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, akiuliza kama kuna komeo la kufunguka kwa nje kwa ufunguo na kwa ndani kwa mkono wa kushoto.